Bibi Anadhani Nakwenda Ng'ambo ya Mto

Mshauri wetu mpendwa, shikamoo. Nisaidie kabla sijaharibu jambo ambalo halitengenezeki.

Nasoma misitu mwaka wa pili katika chuo kimoja hapa Iringa, nimepanga Mlandege, na nimepata nafasi ya kumalizia masomo Ujerumani kwa miaka mitatu, ufadhili upo, viza imetoka, naondoka baada ya wiki tatu, na asiyejua ni mtu mmoja tu, bibi yangu Damari wa Mbalizi aliyenilea tangu nina miaka minne. Si kwamba sikumwambia. Nilipokwenda likizo nilisema, "Bibi, nimepata chuo ng'ambo," na yeye Kiswahili alijifunza ukubwani, nami Kinyakyusa nakisikia tu, kukiongea nababaisha, basi akadhani nasema ng'ambo ya mto unaopita chini ya shamba letu, akapiga vigelegele, "Ndaga fijo, asante sana, mjukuu wangu! Utakuwa unakuja kula nyumbani. Ila mvua zikijaza usivuke, we zunguka darajani," na nilivyomwona amefurahi vile nikashindwa kumsahihisha, nikanywa chai. Tangu hapo ameninunulia gambuti za kuvukia, ametia saruji chumbani kwangu, na juzi kapiga simu kuuliza kama chuoni wanapika mchana au awe ananifungia viazi. Mjomba Danieli anasema, "Wewe panda ndege, nitamwambia ukishafika." Naogopa bibi akisema nisiende sitaweza kwenda. Nifanyeje?

Lugano, Iringa

Lugano, marahaba.

Nimecheka kwa zile gambuti, kisha nikaweka barua yako chini. Bibi alikosea neno kwa dakika moja. Siku zote zilizofuata, aliyemdanganya ni wewe, kwa chai na kimya. Mapenzi yako nayaona, lakini hapo ulimkosea.

Mimi nilitoka Mbeya nikiwa na umri kama wako. Sikumwambia mama kwamba nahama, nilisema naenda kutembea. Kwa miaka sita hakuruhusu mgeni alalie kitanda changu. Nilikuja kuyasikia hayo kwa jirani, kwenye msiba wa mama. Kwa hiyo huyo mjomba wako mwambie asante, hapana.

Jumamosi hii panda basi uende Mbalizi. Usipige simu kwanza. Kaa naye jikoni, umweleze kwa Kinyakyusa chako hichohicho kibovu, maana kwa Kiswahili mmeshapotezana. Taja ndege, taja miaka mitatu, taja baridi. Mwambie wazi kwamba jioni hutakuja kula. Akilia, usimwahidi Krismasi ambayo huna nauli yake. Akikugombeza, inama upokee. Akisema usiende, usibishane siku hiyo. Lala, asubuhi mwombe tena, na umwonyeshe barua ya chuo hata kama hasomi, aishike. Mtu aliyekupigia vigelegele kwa chuo cha jirani hatashindwa kukubariki kwa cha mbali, ila mpe muda wa kuumia kwanza. Wiki tatu zinatosha. Siku moja ya uwanja wa ndege haitoshi.

Jumapili mwende pamoja kanisani. Kina mama wenzake ameshawatangazia kwamba utasoma jirani, na ukiondoka kimya watamcheka. Wakiuliza habari za chuo, wewe nyamaza. Mwache awaambie mwenyewe.