Alhamisi Saa Tisa

Chumba cha Fotokopi,
Jumatano, saa kumi na moja jioni.

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Waendeleaje na zamu za usiku huko wodini? Shemeji je, mgongo umeachia? Na mtoto bado anauma watu, au meno yameshatulia? Mimi ni mzima wa mwili, ila nimechoka, dada. Ni ule uchovu ambao mtu analala nao na kuamka nao.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu unaniwahi. Kabla sijafika katikati ya sentensi, umeshajibu, umeshashauri na umeshakata. Hapa nilipo mashine imepata moto. Kila baada ya kurasa mia mbili lazima ipumzishwe robo saa. Heri yake. Binamu anapanda basi la saa moja usiku, atakukabidhi barua hii asubuhi ukitoka kazini.

Ulitaka kujua siku yangu inakwendaje. Naamka saa kumi na moja alfajiri nikaoge kabla foleni haijafika mlangoni. Saa moja na nusu tuna hesabu za biashara, saa nne sheria ya biashara. Chakula cha mchana nakula nimesimama, kijiko mkono huu, daftari mkono ule. Saa saba nina zamu ya maktaba, ya kurudisha vitabu kwenye rafu. Saa tisa masoko, saa kumi na moja fotokopi, halafu kikundi cha kujisomea, ambako mimi ni katibu. Wenzangu wanne wanazungumza wote kwa pamoja, mimi naandika, na mwisho wananiuliza mimi wamekubaliana nini.

Ratiba nimeibandika ukutani, nimeipaka rangi sita. Ninayekaa naye chumba kimoja ameniita Mheshimiwa Waziri. Juzi alibisha hodi kwenye kitanda changu, akaomba miadi ya dakika mbili aazime pasi. Nilicheka, kisha nikagundua kwamba kweli nilikuwa nimetazama saa kabla ya kumjibu.

Jumapili nilipokuambia sitaweza kuja kuwaona, ulikasirika. Ulisema watoto wa watu wanafanywa punda, kwamba miezi mitano tu tangu nivue sare ya shule nimeshakuwa na sauti ya kizee, na kwamba umeomba ruhusa ya Ijumaa uje umuulize mkuu wa chuo kama na yeye ana binti. Dada, nakujua. Utamuuliza kweli, na utamuuliza mbele ya watu.

Tafadhali usimuulize. Hana kosa.

Chuo kimenipa vipindi vitatu tu kwa siku. Maktaba, fotokopi na ukatibu ni kazi za kujitolea, niliziomba mwenyewe. Katika somo la masoko kila mwanafunzi lazima asimame mbele ya darasa dakika kumi aeleze mpango wa biashara yake. Zamu yangu ya kwanza ilipofika, nilimwomba mkutubi anipe kazi ya Alhamisi saa tisa, nikapeleka cheti chake kwamba nahitajika maktaba. Mara ya pili nikafanya vivyo hivyo. Baada ya hapo nilikuwa nikiona saa tupu naogopa, nikawa nazijaza zote, ili yeyote akiniuliza nijibu kwamba sina nafasi. Wewe nilikujibu hivyo hivyo. Nisamehe.

Jana mwalimu wa masoko aliniita. Hakufoka. Alisema anasahihisha kazi nzuri za mtu ambaye hajawahi kusikia sauti yake, na kwamba Alhamisi hii ni mara ya tatu na ya mwisho. Nisiposimama, narudia mwaka. Nilimwomba nimpe mpango wangu kwa maandishi. Akasema maandishi anayo tayari, yamejaa mezani.

Mpango wangu ni wa kufua na kupiga pasi sare za wauguzi. Nimekuiba wewe, na yale manung'uniko yako ya kila Jumapili mbele ya beseni.

Leo mchana nilimrudishia mkutubi ufunguo wa maktaba, nikaacha zamu zangu. Aliniuliza kama naumwa. Nikasema hapana, naogopa. Ni yeye wa kwanza niliyemwambia, wewe ni wa pili.

Kwa hiyo kesho saa tisa sina udhuru wowote. Usinipigie kabla ya saa kumi. Nikisikia sauti yako nitalia, na nikilia sitasimama. Baada ya saa kumi piga, unigombeze mpaka uchoke. Na Ijumaa njoo, lakini njoo kwangu.

Mashine imepoa, wananiita. Mpe pole shemeji, na mtoto mbusu mbali na meno.

Ni mimi mdogo wako,
ninayekuogopa kidogo na kukupenda sana.