Siku Chiriku Alipoimba Bila Mashine

Ghorofa ya pili,
Juu ya duka la miwani.

Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Pokea salamu zangu nyingi, na uzipokee ukiwa umekaa, maana habari nilizo nazo si za kusomwa kwa kusimama. Hujambo? Goti linasemaje na baridi ya huko? Mkaza mjomba hajambo? Na watoto, bado wanagombania kiti cha dirishani? Sisi huku tu wazima, tunakula na kulala, ila mwenzio nimevimba kichwa kwa furaha mpaka kitambaa hakinitoshi.

Mama hajambo. Presha imetulia. Amestaafu ukunga, lakini ukunga wenyewe haujamwacha: wajawazito wa mtaa mzima bado wanapita hapa, naye anawagombeza kuhusu mboga za majani kana kwamba wote ni binti zake.

Mimi bado napiga kanuni, ala yangu ya nyuzi nyingi, kwenye okestra yetu ileile. Chiriku hupenda kusema kwamba mwenye kanuni nyumba hii ni mimi peke yangu, na hakuna anayeifuata.

Sasa naingia kwenye habari yenyewe, nayo inamhusu huyohuyo Chiriku, mdogo wangu. Jina hilo ulimpa wewe, alipokuwa hanyamazi hata akiwa na tonge mdomoni, na leo limeandikwa kwenye mabango makubwa kuliko mlango wetu. Mjomba, ametoa rekodi mpya. Ameimba nyimbo kongwe za Kiarabu, moja kwa moja, mbele ya watu, na watu wamesalimu amri. Wacha nikuanzie mwanzo usije ukasema nimekupa mkia nikaficha ng'ombe.

Unajua umaarufu wake ulivyokuja. Nyimbo za kuchezea, dakika tatu tatu, zenye kiitikio kinachokuganda kama gundi. Vijana wanampenda kufa. Lakini unajua pia dada yako alivyo. Kwake yeye muziki ni zile nyimbo za Kiarabu mlizokua nazo, ambazo ubeti mmoja unaweza kula nusu ya alasiri na asilalamike mtu. Miaka yote hii hakuwahi kukanyaga onyesho hata moja la bintiye. "Nitakwenda siku atakayoimba," alikuwa akisema. "Kwa sasa anaruka." Chiriku akisikia hucheka, lakini mimi nimelala naye chumba kimoja tangu utotoni. Najua kicheko chake cha kweli, na najua cha kujifunikia.

Mwaka jana mtangazaji mmoja wa redio akasema hewani kwamba Chiriku si mwimbaji, ni mashine iliyovaa gauni. Alimaanisha kile kifaa cha studio kinachonyoosha sauti ikienda upande. Mashabiki wakamrukia mtangazaji, lakini Chiriku mwenyewe hakumjibu. Alikuja akakaa sakafuni karibu yangu nilipokuwa nakaza nyuzi. Kisha akauliza, "Dada, kile kifaa kinaweza kunyoosha nyimbo za Mama?"

Nikamwambia hakiwezi. Nyimbo zile zina sauti zilizokaa katikati ya sauti, kama ngazi yenye vidato ambavyo ngazi nyingine hazina. Kwenye kanuni mimi nina vijibati vya shaba ninavyoinua na kulaza chini ya nyuzi ili nizipate. Kifaa cha studio kikizisikia kitadhani ni makosa, kitazinyoosha zote, na wimbo utakufa.

"Basi nitaimba hizo," akasema. "Mbele ya watu, mitambo ikinasa, na kisirekebishwe kitu."

Nilifikiri ni hasira, zitapita. Kumbe maji ameshayavulia nguo.

Kampuni yake ya muziki ilimwambia kwamba hakuna kijana atakayesikiliza wimbo wa nusu saa. Akawaambia wauachie wimbo wenyewe uwaulize vijana. Kikwazo kikubwa kikawa kiongozi wa okestra yetu, mpiga fidla yule mrefu tunayemwita Mzee Upinde. Alikataa hata kumtazama. "Nyimbo hizi si peremende," aliniambia mimi, na Chiriku amesimama palepale. "Mwambie mdogo wako."

Chiriku akajibu mwenyewe. "Mzee, peremende nimekula nikatosheka. Nimekuja kutafuta chakula."

Mzee akakohoa, akajifanya anapekua kisanduku cha fidla. Siku ya pili yake akamletea wimbo wa kujipima, mgumu kuliko zote tunazozijua, nadhani kusudi akimbie. Hakukimbia.

Kilichomtoa jasho ni matamshi. Jirani wa ghorofa iliyo chini yetu, mama mmoja mfasiri wa Kiarabu, alijitolea kumfundisha, na ile herufi ya 'ain ikakataa katakata. "Hiyo ni 'a' ya mtu aliyeona mvua!" alikuwa akifoka. "Mimi nataka ya mtu aliyewekewa barafu shingoni!" Basi Chiriku akaitafuta 'ain bafuni, akaitafuta jikoni, akaitafuta kwenye ngazi, mpaka muuza miwani akapanda juu kuuliza kama tuna mgonjwa wa koo. Wala hakukubali kukariri kama kasuku. Kila neno alitaka aambiwe maana, nani anamwambia nani, na ana nini moyoni. Alisema hawezi kumlilia mtu asiyemfahamu.

Mama aliyasikia yote hayo kupitia ukutani, akajifanya hayamhusu. Ila siku moja nilimkuta jikoni na rundo la vyombo, amefunga bomba la maji, ametega sikio. Aliponiona akalifungua kwa nguvu zote.

Siku ikafika, Jumamosi alasiri, katika ukumbi wa zamani wa sinema wenye viti vyekundu vilivyochubuka. Nyaya zimetapakaa sakafuni, maiki zinaning'inia juu yetu kama popo. Watu walijaa. Nusu ni vijana wa Chiriku, na nusu ni watu wazima waliokuja kushuhudia nyimbo zao zikiharibiwa. Mtangazaji yule naye alikuwepo, amechagua kiti cha karibu na mlango. Mama nilikuwa nimemwachia tikiti mezani asubuhi. Nilipochungulia kutoka jukwaani, kiti chake kilikuwa kitupu.

Chiriku alitoka na gauni jeusi, hana wachezaji, hana taa za rangi. Wimbo wa kwanza ulipita salama. Makofi yalikuwa ya adabu, kama yale anayopigiwa mgeni rasmi akimaliza hotuba.

Wimbo wa pili ndio ule mrefu. Ni mwanamke anayemwambia mpenzi wake kwamba hamngojei tena, na kila ubeti unazidi kuonyesha kwamba bado anangoja. Chiriku akaupanda vizuri mpaka pale juu kabisa, na hapohapo sauti ikampasukia. Si kidogo, Mjomba. Ilikatika kama uzi. Mtu mmoja nyuma akaguna, mwingine akacheka.

Angeweza kuuruka ubeti, wengi hufanya hivyo. Yeye akainua mkono, okestra ikanyamaza. Akasema kwenye maiki kwa sauti yake ya nyumbani, ile ya kuomba chumvi: "Samahanini. Hapa huyu mwanamke anadanganya, na mimi nimemdanganyia vibaya. Mzee, naomba turudi."

Mzee Upinde akamtazama, nadhani kwa mara ya kwanza tangu wajuane. Akaweka fidla begani, akaturudisha.

Safari hii hakupanda kwa kifua. Alipanda polepole, akikanyaga kila sauti ya katikati kwa unyayo mzima, na 'ain ikatoka kooni bila kubembelezwa. Akafika juu, akakaa huko, watu tukasahau kupumua. Kisha akateremka na lile neno la "sikungoji" akalilaza chini taratibu, kama unavyolaza mtoto aliyesinzia mikononi. Na kabla mtu hajapiga hata kofi moja, kutoka nyuma kabisa, ikapasuka sauti ya mwanamke:

"Rudia!"

Mjomba, sauti ile naijua tangu tumboni. Ni sauti iliyowaamuru wanawake wa wodi nzima wasukume, na wakasukuma. Mama alikuwa amesimama ukutani, mkoba kwapani, tikiti bado mkononi. Alikuja kwa kujificha, akajifichua mwenyewe.

Wewe unazijua nyimbo hizi. Msikilizaji aliyechomwa huomba ubeti tena, na mwimbaji haruhusiwi kuurudisha vilevile. Chiriku akaurudia, akauimba kwa uchungu. "Rudia!" wakasema watu wazima. Akauimba kwa kejeli, kama anayemfungia mtu mlango. "Rudia!" wakapiga kelele vijana, ambao nina hakika hawakuelewa hata neno moja. Akauimba kwa kunong'ona, nami nikamfuata kwa vidole vya kunyata. Nilipogeuka nikamwona Mzee Upinde machozi yanamtiririka mpaka kwenye fidla, hayafuti kwa sababu mikono yote miwili ina kazi. Ubeti ulipoisha watu walikuwa wamepanda juu ya viti, na mtangazaji ameacha mlango wake, yuko mbele kabisa chini ya jukwaa. Jumatatu akasema hewani: "Nilimwita mashine. Nawaomba radhi wote wawili, yeye na mashine, maana mashine haiwezi vile."

Baada ya onyesho Mama alikuja nyuma ya jukwaa. Nikadhani atamkumbatia. Wapi! Alimshika kidevu, akamfungua mdomo, akamchungulia koo kwa tochi ya simu kama yuko kazini. "Usiongee mpaka kesho," akamwambia. Halafu akazima tochi, akasema, "Umeimba."

Basi, neno moja tu. Chiriku akatii amri ya kutoongea kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Alilia bila sauti, kichwa kimezama kifuani kwa Mama, na Mama akimpapasa mgongo kama wanavyocheulishwa watoto wachanga.

Ilipofika kazi ya kuandaa rekodi, fundi mitambo alitaka kuondoa ile sauti iliyopasuka, ile samahani, na yule mama anayepiga kelele. Alisema anaweza kuvitoa bila kuacha hata kovu. Chiriku akamwambia, "Mpasuko uache. Samahani iache. Na huyo mama, ukimtoa yeye, nitoe na mimi."

Kwa hiyo Mama yumo, Mjomba! Yumo saluni, yumo kwa vinyozi, yumo kwenye kila redio ya mtaa huu. Hata mtoto wa muuza miwani anaiga ile "Rudia!" akitaka juisi nyingine. Mama mwenyewe anakana mpaka leo. Anasema wanawake wenye sauti nzito ni wengi. Ila kipande kile kikikaribia, mkono wake ndio unaoongeza sauti ya redio. Kampuni ya muziki nayo inasema iliamini tangu mwanzo. Siku hizi kila mtu mjini ni mjomba wa Chiriku, lakini sisi tunajua mjomba ni mmoja.

Nimekuwekea la mwisho kusudi. Tumealikwa kupiga huko kwenu, katika mji wako wewe, okestra nzima, kabla ya mwaka huu kwisha. Mama amekubali kupanda ndege. Waandaaji walipotaja hoteli nzuri yenye ngazi za umeme, aliwanyamazisha pale pale: dada halali hotelini katika mji alioko kaka yake. Kwa hiyo anikeni magodoro juani. Tunakuja wote watatu, na kanuni yangu inahitaji kitanda chake peke yake.

Msalimie sana mkaza mjomba, mwambie jiko lake tutaliheshimu. Wabusu watoto, mmoja mmoja, asisahauliwe yule anayenuna upesi. Mama anakusalimu, Chiriku anakusalimu, na Mzee Upinde, asiyesalimu watu ovyo, naye kasema nikuandikie salamu zake.

Mungu awafunike kwa rehema zake, awape riziki isiyo na masimango na nyumba isiyopungukiwa vicheko, na atukutanishe salama.

Wako akupendaye kwa moyo wote na kwa nyuzi zote,

Mpwa wako mkubwa.