Salma Abonyeza Maporomoko

Jumanne, baada ya magharibi

Leo kwenye intaneti kafe nilikaa nyuma ya Salma, nimejizuia nisiseme neno. Nilimwomba tu jirani yangu huyu ajifanye mgeni, apange safari ya kupanda milima ya Uluguru kwa tovuti yangu ya kuuza safari. Akabonyeza picha ya maporomoko. Haikufunguka. Akabonyeza tena.

"Dada, mbona hayafunguki? Mimi nataka kwenda hapo."

Pa kupangia safari palikuwa chini kabisa ya ukurasa, kwa herufi ndogo. Niliudhika, eti kwa nini hasomi! Halafu nikaona kosa ni langu. Tangu kiwanda cha nguo nilikofanya kazi kiuzwe nasi tupunguzwe, tovuti hii ndiyo tegemeo langu. Wageni nao wakikwama hapo, basi...

Nikarekebisha palepale: ukibonyeza picha, unachagua siku na njia. Salma akajaribu upya, akacheka mpaka watu wakageuka.

"Nimefika! Sasa niandikishe kweli, Jumamosi naenda na mume wangu. Tumezaliwa chini ya mlima huu, hatujawahi kuupanda."

Mteja wangu wa kwanza, mtu wa hapahapa Morogoro! Nilikuwa nawawaza Wazungu tu. Kesho naweka bei ya wenyeji.