Mzigo Niliouficha

Jumanne, 3 Juni

Maji safari mbili kabla ya chai. Halafu majani ya nepia ya kulisha ng'ombe. Ukanda wa kubebea umenikata paji la uso. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vimekufa ganzi tena. Mume wangu, Baba Kinoti, anasema kwa daktari tutaenda jibu la kipimo cha Kendi likitoka. Nimeomba. Bwana anajua.

Alhamisi, 5 Juni

Kendi amekuja. Ni msichana wa hapa Ruiri, anasomea uhandisi chuo kikuu, anatafiti shingo za akina mama wanaobeba kwa ukanda wa kichwa. Wiki iliyopita alinipeleka Meru mjini nikapigwa picha ya shingo. Kompyuta inaikata hiyo picha vipande vidogo vidogo, maelfu, halafu inapiga hesabu kila kipande kinaumia kiasi gani chini ya mzigo.

Leo alitaka kuupima mzigo wenyewe. Nikafanya ujinga. Kwa sababu ya kamera nilivaa kitambaa cha kanisa, nikafunga kuni chache, safi, zimenyooka. Kilo kumi na mbili.

"Huu ndio wa kila siku, mama?"

Nikasema ndio. Mimi, mwenyekiti wa akina mama kanisani!

Jumanne, 17 Juni

Jibu limetoka. Kwenye picha, shingo yangu yote ni rangi ya buluu. Buluu ni salama, nyekundu ni hatari. Baba Kinoti alicheka mpaka akakohoa.

"Mama Kinoti, kompyuta imekupima ikakuona trekta! Sasa daktari wa nini?"

Basi. Hatuendi.

Alhamisi, 19 Juni

Nimeangusha kikombe. Sikuhisi kikitoka mkononi.

Nikisema ukweli, naharibu kazi ya mtoto wa watu, na Jumatatu anaiwasilisha kwa walimu wake. Nikinyamaza, mkono unakwenda. Nimejitega mimi mwenyewe. Naogopa. Hata kuomba naona haya.

Jumapili, 22 Juni

Kanisani sikuweza kuimba. Nilipotoka nikampigia Kendi. "Nilikudanganya, mwanangu." Akasema, "Hata mimi nilijiuliza, mama. Zile zilikuwa kuni za arusi." Akaja na mzani.

Nikabeba kama siku zote. Mtungi wa maji, kuni juu yake. Kilo arobaini na saba. Baba Kinoti alisoma mzani mwenyewe. Akasoma tena.

Jumatano, 25 Juni

Nyekundu. Chini ya shingo, upande wa kushoto. Kendi amewaambia walimu wake ukweli, wamemwongezea muda. Anataka kupima akina mama wengine, na safari hii atawafuata mtoni bila kuwaarifu. Baba Kinoti aliitazama picha muda mrefu. Akauliza daktari anafungua saa ngapi.

Jumamosi, 28 Juni

Daktari amenikataza kubeba. Ganzi huenda ikaisha, huenda isiishe.

Baba Kinoti ameenda kuteka maji na punda wa jirani. Amerudi nusu imemwagika, suruali imelowa. Niliyachemsha yaliyobaki.

Sasa ni mchana kweupe na nimeketi mlangoni. Mikono sijui niiweke wapi.