Mlango, Upepo na Dada Yako

Shamba la Litlahlíð,
Öræfi,
Aisilandi.

9 Machi

Mpendwa Bibi Dagný,

Nakusalimu kwa heshima na kwa mapenzi mengi. U hali gani huko Minnesota? Goti lako linasemaje na baridi ya mwaka huu? Natumaini Babu Walter amepona kifua, na kwamba sasa anaweza kutembea mpaka ziwani bila kusimama kukohoa. Sisi huku ni wazima. Baba anakarabati zizi kabla kondoo hawajaanza kuzaa, na Mama anafundisha kama kawaida. Mimi nimetimiza miaka kumi na saba na nimepata leseni ya kuendesha gari. Asante kwa kitabu ulichonitumia. Nimekisoma, nikakirudia.

Labda utashangaa kupata barua yangu. Kwenye simu mimi si mtu wa maneno. Mara ya mwisho uliniuliza habari za shule, nikasema "nzuri," kisha tukabaki kusikilizana tunavyopumua. Kwenye karatasi angalau hakuna anayenisubiri nimalize.

Ninaandika kuhusu kadi yako ya Krismasi, ile uliyoandika kwamba hutakuja tena kiangazi hiki kwa sababu safari ni ndefu. Baba aliisoma kwa sauti tukiwa mezani. Bibi Steinunn alisema tu, "Anajua mwenyewe," akavaa buti akaenda kwa kondoo ambao walikuwa wameshalishwa. Bibi, nisamehe nikikosea, lakini sidhani kama ni urefu wa safari. Nadhani ni ule mlango.

Najua ulikuwapo siku ile ya kiangazi kilichopita. Lakini mimi nilikaa kiti cha nyuma, na mtu wa nyuma huona vichwa vya walio mbele. Ulisimamisha lile gari la kukodi kando ya kanisa, ili mkalione kaburi la mama yenu. Ulikuwa unatazama lango la makaburi, hukutazama kitu kingine. Gari lilikuwa limeupa upepo mgongo. Bibi Steinunn alifungua mlango wake, upepo wa kutoka kwenye barafu ukauingia kwa nyuma, ukaukunja mpaka ukagonga madigadi. Ulipiga kelele, "Steina, mkono wako!" Ulipoona mkono wake ni mzima, ulicheka ukasema, "Si kitu, nina bima kamili." Nilikupenda sana kwa kuwa uliuliza mkono kwanza.

Halafu kule Höfn, ulipokuwa ukirudisha gari, Ketill wa kaunta alikuambia, "Bima kamili hakuna, mama. Kuna bima nyingi tu." Akaeleza kuwa mlango uliochukuliwa na upepo ni juu ya mteja. Akauliza, "Nani alifungua?" Ukajibu, "Dada yangu." Dada yako alikuwa amekaa nyuma yako, chini ya kalenda. Tangu hapo mpaka uwanja wa ndege alizungumzia hali ya hewa peke yake. Mlipoagana hamkukumbatiana. Mlishikana mikono kama watu waliomaliza kuuziana farasi.

Tangu wakati huo Bibi Steinunn hakai tena kiti cha mbele katika gari la mtu yeyote. Anakaa nyuma, anangoja afunguliwe. Hata nyumbani anafungua kila kitu kwa mikono miwili. Siku moja Baba alimtania, "Mama, hiyo ni friji. Humo ndani hamna dhoruba." Akajibu, "Hata lile gari halikuwa na dhoruba mpaka nilipofungua." Tulicheka, yeye hakucheka.

Sasa nije kwenye habari yangu. Siku hizi nasoma Höfn, na baada ya masomo ninaosha magari katika ofisi ile ile ya Ketill. Ninatoa matope na mchanga, na nikingoja maji yapate moto ninasoma mikataba. Unanijua, nisipopata kitabu nasoma hata pakiti ya unga. Ketill alinikuta akasema, "Hrefna, hapa watu hulipwa kuosha, si kusoma." Nikamwambia maji bado baridi. Akasema, "Basi nisomee na mimi. Tangu nifungue ofisi sijapata mteja aliyeusoma mkataba mpaka mwisho."

Nimeusoma mpaka mwisho, Bibi, kwa ajili yako. Bima ya kugongana huwa imo ndani ya bei ya kukodi, lakini haibebi hasara yote. Kipande cha kwanza cha hasara ni chako, na bima huanza pale kipande hicho kinapoishia. Ukiongeza malipo kidogo kwa kila siku, kipande chako kinapungua. Kuna bima ya kokoto, kwa yale mawe yanayorushwa na magari mengine. Ya mchanga na majivu ni kitu kingine tena, na kwa njia ya kuja kwetu usiikatae, kwa sababu mchanga wa tambarare ukipigwa na upepo hula rangi mpaka bati linang'aa. Kuvuka mto hakuna anayekubali kukubebea. Maji yakiingia kwenye injini, umejitosa mwenyewe. Lakini hilo halituhusu, maana mama yenu amelala upande huu wa mto.

Kuhusu mlango, wako wanaouza bima yake peke yake, ila ofisi yetu haina. Kwa hiyo mtu asikuambie "kamili" ukaridhika. Muulize, "Na upepo je?" Akianza kutafuta maneno, ujue haumo.

Jambo jingine ni kadi yako ya benki. Ulikuwa na hakika kwamba inalinda magari ya kukodi, na huenda ulikuwa sahihi, lakini kadi kama hizo kwa kawaida hulinda gari lililolipiwa kwa kadi hiyo hiyo. Mwaka jana ulipotoa yako, dada yako alikusukuma kando mbele ya watu akalipa kwa ya kwake, eti mgeni wake hawezi kulipia gari katika nchi aliyozaliwa. Mkabishana pale kaunta, akashinda. Hakujua alichokuondolea, na wewe hukumwambia. Safari hii nitamshikia mkoba mpaka umalize kulipa. Na kabla ya kusafiri iulize benki yenyewe, iandike kabisa kama inalinda gari huku Aisilandi na kama mlango uliovunjwa na upepo umo.

Lakini si hayo hasa yaliyonifanya nikuandikie.

Mwezi wa Januari walikuja mume na mke wageni, mlango wa gari lao umekunjika kama ule wenu. Ketill akauliza vile vile, "Nani alifungua?" Mume akamnyooshea mkewe kidole. Mke akasema, "Mimi, na ningefungua tena! Kwa anavyoendesha huyu, nilikuwa nataka kutapika." Walipoondoka nilimuuliza Ketill kwa nini huuliza swali hilo, ilhali analipwa na mteja kwa vyovyote.

"Si mimi ninayeuliza," alisema. "Ni bima zao za kwao. Wakifika nyumbani wakadai, wataulizwa ilitokeaje na nani alikuwa mlangoni. Nisipoandika hapa, huko wataambiwa hawana ushahidi."

"Kwa hiyo humtafuti mwenye kosa?"

"Kosa la nani, binti? La upepo? Upepo niuwekeshe sahihi wapi?"

Bibi Dagný, nilisimama pale na kitambaa kinachuruzika maji mpaka viatu vikalowa. Kumbe alikuuliza ili akusaidie. Na wewe ulijibu kama ulivyoulizwa, kwa kuwa mkataba ulikuwa na jina lako. Hukumshtaki mtu.

Ijumaa ile nilipofika nyumbani nilimweleza Bibi Steinunn yote. Alikuwa anasukuma mikate bapa ya kula na nyama ya kondoo ya kukausha kwa moshi. Hakuacha kusukuma. Mwisho akasema, "Kwa nini hakuniuliza mimi? Nilikuwa nimekaa pale pale."

"Kwa sababu wewe hukuwa mteja wake, Bibi."

Mkate ulikuwa umeshakuwa mwembamba kama karatasi, naye anaendelea. Kisha akaniambia jambo ambalo hajamwambia mtu. Nilimwomba ruhusa nikuandikie, akasema, "Andika. Lakini usiandike kwamba nililia." Kwa hiyo naandika kwamba hakulia.

Alisema, "Niliona kabla Dagný hajazima injini. Niliona majani ya makaburini yamelalia upande gani, nikajua ameegesha vibaya. Huku kwetu hata mtoto anajua gari husimama pua ikiutazama upepo. Lakini nikajiambia, mwache. Ametoka mbali, anamtazama mama. Nisianze kumfundisha kama nilivyokuwa nikimfundisha kufunga kamba za viatu. Nikadhani mikono yangu itauzuia mlango. Mikono imezeeka, mimi sikuwa na habari."

Kisha akasema, "Aliposema 'dada yangu,' nilidhani ameona. Nilidhani anajua kwamba nilijua nikanyamaza."

Hukujua, sivyo? Nina hakika hukujua. Wewe huko ukifikiri amekukasirikia kwa kumtaja, naye huku akifikiri umemgundua. Na wote wawili mnaandikiana habari za theluji.

Jumamosi iliyopita Bibi aliletwa Höfn na Baba kwa daktari wa macho. Alipotoka akaja mpaka kwetu. Upepo ulikuwa ule wenyewe, bendera zinapiga kelele, na Ketill alikuwa amekwisha kuwaambia wateja wawili wasubiri mpaka utulie.

"Nipe gari," Bibi akamwambia.

"La kwenda wapi, mama?"

"La kusimama."

Ketill alinitazama, nami nikatazama ndoo. Akampa lile jeupe la zamani. Bibi alikaa mbele, kwa mara ya kwanza tangu kiangazi, akaniamuru niliegeshe vibaya kwa makusudi, mgongo kwenye upepo. Ketill akatoka mbio bila koti. "Mama Steinunn, nakuomba! Gari hilo lina mteja kesho!"

"Nyamaza, Ketill, sijagusa kitu."

Na kweli hakugusa. Nilizima injini nikangoja. Nilidhani anataka kujipima mikono. Alikaa amefumbata mikono mapajani, akatazama bendera, kisha akageuka akanipigia kelele ambayo sijapata kuisikia kwake: "Umeegesha vibaya! Geuza!" Nilishtuka hata nikashindwa kuona swichi. "Geuza gari, mtoto, upepo uko nyuma! Geuza!" Watu waliokuwa ng'ambo kwenye duka la mkate walisimama kutazama.

Niligeuza. Pua ilipoukabili upepo, alifungua mlango wake, upepo ukausukuma umrudie mwenyewe, akashuka taratibu kama anatoka kanisani. Ketill akasema, "Sasa ulikuwa unajaribu nini, mama?"

"Sauti," akasema Bibi.

Tulipokuwa tukirudi shambani alikaa mbele, Baba akiendesha. Karibu na daraja akaniambia bila kugeuka, "Ukimwandikia Dagný, mwambie akiegesha vibaya nitamwambia. Akiniambia nifunge mdomo, nitamwambia tena."

Hajakuomba uje, Bibi Dagný. Unamjua. Kwa hiyo ninakuomba mimi. Njoo Julai, majani ya makaburini yakiwa marefu. Ukiogopa kuendesha, nina leseni, na Ketill amesema ataniandika kwenye mkataba kama dereva wa pili, maana asiyeandikwa jina akiendesha, bima hazimtambui kabisa. Akasema pia kwamba kwa kawaida hawawapi gari watu wa umri wangu, lakini hajapata mteja mwingine aliyeusoma mpaka mwisho.

Nisalimie sana Babu Walter, na Shangazi Karen na watoto wake, hasa Tobias aliyenifundisha kucheza karata. Baba na Mama wanakusalimu. Dada yako ameniona nikiandika tangu mchana, amepita hapa mara kadhaa akijifanya anatafuta miwani aliyoivaa. Nilipomuuliza kama ana salamu, alisema, "Mwambie alete koti zito."

Mungu akulinde usiteleze barafuni, na akufikishe kwetu ukiwa salama.

Ni mimi mjukuu wenu, wa kwako na wa kwake, ninayekupenda sana,

Hrefna