Kisanduku cha Mama

Jumatatu, 3 Machi
Semina! Siku tatu za "mawasiliano kati ya tamaduni" kwa sisi tunaohoji waomba hifadhi. Miaka kumi na moja nahoji watu, leo nafundishwa kusikiliza. Mwezeshaji ana suti ya bluu na sauti ya kubembelezea watoto. Kaongea saa nzima juu ya kusikiliza – hakuna aliyepata nafasi ya kuuliza swali. Mama kapiga simu mara tatu, goti lake tena. Nikamwandikia: niko semina, nitakupigia. Nimesahau.

Jumanne, 4 Machi
Mada: usiharakishe kuhukumu. Muda wa zoezi – dakika mbili.

Wakati wa chai nikamsimulia mwenzangu wa dawati la pili habari za dada wa shali ya kijani. Mahojiano ya kwanza: mama yake yu hai, ndiye aliyebaki na mtoto wake. Ya pili: mama alifariki yeye akiwa na miaka tisa. Fomu ina kisanduku kimoja tu – mama: hai au marehemu. Mkalimani akambana, sasa lipi ni lipi? Akajibu kwamba wote ni mama. Wote! Nikaandika: "Anajikanganya. Haaminiki." Akikataliwa, anarudishwa kwa waliomchomea nyumba. Mwenzangu kacheka, eti hawa kila siku wana hadithi mpya. Tukaongeza chai.

Jumatano, 5 Machi
Zoezi la kufungua moyo, wawili wawili. Nikaeleza tulivyomzika mama mwaka juzi, na mvua ile, na mimi nikashindwa hata kutupia udongo. Nikalia. Mimi! Mwezeshaji akanipongeza mbele ya watu.

Halafu vyeti. Jina langu la ukoo wameandika la mtu mwingine kabisa! Nikalalamika. Mwezeshaji akasema ni kosa dogo la fomu, kila mtu anajua ni mimi. Nikamjia juu. Kosa dogo? Jina la mtu?

Alhamisi, 6 Machi
Cheti nimekibandika ukutani hivyo hivyo. Mama hajambo kidogo, goti limepungua kuvimba.

Ijumaa, 7 Machi
Faili la dada wa shali ya kijani lazima lisainiwe kabla ya saa nane. Mkuu wa kitengo kaja mwenyewe, kasimama kando ya meza yangu. Nimeshika kalamu. Simu ikaita. Kwenye kioo: MAMA.

Mkuu akashangaa. "Mama? Si tulimzika mwaka juzi? Mimi mwenyewe nilibeba jeneza!"

"Huyu ni mama mdogo, mkuu. Wote ni mama."

"Aa, sawa."

Basi. Kaelewa papo hapo, wala hakuhitaji semina. Mimi ndiye niliyebaki na kalamu hewani. Nimeona aibu mpaka masikio yakawaka.

Nikamwomba siku moja tu, nimwite yule dada nimuulize swali moja. Mkuu akatikisa kichwa.

"Ripoti si umeandika wewe? Ukiibadilisha leo, wewe ndiye utakayeonekana unajikanganya."

Kaenda kuchukua muhuri. Faili liko wazi mbele yangu, kwenye kile kisanduku. Saa nane kasoro dakika kumi. Namsikia anarudi, na simu inaita tena – mama.