Kitanzi cha Kifungua Mimba

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Kabla ya yote nakuuliza hali, na safari hii silitaki lile jibu lako la "mzima tu". Presha imeshuka? Miguu bado inavimba jioni? Na kitinda mimba wetu, ameacha kula chaki? Mimi mwanao sijambo. Napumua, nakula, na nguo zinanitosha, ingawa ile ya bluu uliyonishonea imeanza kunipwaya. Habari za mkweo nitazifikia huko mbele, nivumilie.

Utashangaa kwa nini naandika ilhali simu ipo. Mama, simu yenu ni ya mtaa mzima. Nikipiga, baba anaweka spika, wadogo zangu wanagombania kusema haloo, jirani anachungulia dirishani kunisalimia, na wewe unaishia kuniambia nivae sweta. Neno nililo nalo halisemeki kwenye spika. Lisome ukiwa peke yako.

Bado nipo kwenye kiwanda cha kufua mashuka ya hoteli, ila wamenitoa kwenye mashine wakanipeleka meza ya kukunja. Shuka kubwa hukunjwa na wawili: mnashika ncha, mnavuta, mnakutana katikati, mnaachana tena. Mwenzangu ni mama mmoja tunayemwita Kasuku, maana mdomo wake haupoi. Kutwa nzima tunakutana na kuachana. Nikirudi chumbani nalikunja langu peke yangu, ncha mbili nimezibana kwa kidevu. Nikitoka kazini Jumamosi, huenda nisiseme neno na mtu hadi Jumatatu. Juzi nilikohoa nikaishtukia sauti yangu mwenyewe. Upweke mbaya, mama, sitakuficha.

Sasa nisikilize. Miezi kadhaa iliyopita nilipopiga, uliichukua simu ukaingia nayo bafuni, ukaninong'oneza kwamba siku zako zilichelewa mno, kisha zikaja, na umemshukuru Mungu. Ulisema upesi upesi kama mtu anayetaja bei ya sabuni, halafu baba akagonga mlango na wewe ukakata.

Alipozaliwa kitinda mimba ni mimi niliyekushika mkono. Niliiona ile damu. Nilimsikia mkunga akimwambia baba pale mlangoni kwamba safari nyingine yeye hatajibu lolote, Mungu ndiye atakayejibu. Baba si mtu mbaya, lakini yalimwingilia sikio hili yakatokea la pili, na mpaka leo anasema nyumba haijajaa. Vidonge kliniki walikukataza kwa sababu ya presha. Na kitanzi ulisema nisikitaje mbele yako, kwa kuwa jirani alikuambia kinapanda mpaka moyoni, kinamchoma mume, na kikishatolewa kinamwacha mwanamke tasa. Jirani huyo, mama, ndiye aliyesema pia kwamba televisheni inamaliza meno.

Basi siku yangu ya mapumziko nilikwenda kliniki. Nilimkuta muuguzi mfupi, miwani kaining'iniza shingoni kwa uzi, anaongea kama anagomba hata akikukaribisha kiti. Nilimuuliza maswali yako yote kana kwamba ni yangu. Akaniwekea kitanzi chenyewe kiganjani. Ni kidude cha plastiki chenye umbo la herufi T, kimezungushiwa waya mwembamba wa shaba, hata kidole changu cha mwisho kinakizidi.

Aliniambia kwamba hakina njia ya kufika moyoni, kwani huwekwa ndani ya mfuko wa uzazi na hapo ndipo makao yake. Mara chache huweza kusogea au kutoka, ndiyo maana kina nyuzi ndogo za kukikagulia. Hazimchomi mtu, na mume akizihisi zinapunguzwa. Kinakaa miaka kumi na kupita, huna cha kumeza wala cha kukumbuka. Wakikitumia wanawake mia kwa mwaka mzima, hafiki hata mmoja atakayeshika mimba. Presha hakiigusi kabisa. Na siku ukitaka mtoto, kinatolewa na uzazi unarudi bila kungoja. Hakunificha ubaya wake pia: maradhi ya zinaa hakizuii, na hicho cha shaba huongeza damu na maumivu miezi ya mwanzo. Lakini akasema ipo aina nyingine yenye dawa kidogo ndani yake, ambayo hupunguza damu, na kwa mwanamke mwenye upungufu wa damu huenda hiyo ikamfaa zaidi. Nikakukumbuka wewe na kucha zako nyeupe.

Nikamwambia aniwekee. Kuuma kunauma, mama, kama tumbo la siku zile likiwa limekasirika. Nilikamata ukingo wa kitanda, muuguzi akanigombeza nivute pumzi, nami bado nakunja uso nikasikia ananiambia nivae nguo, tumemaliza. Nilirudi nyumbani kwa miguu yangu. Miezi ya mwanzo damu ilikuwa nyingi na kiuno kiliniuma, nikanuna sana. Sasa imetulia, hata sikisikii kama kipo. Moyo wangu nao uko palepale.

Nimfikie mkweo. Mama, mkweo hayupo. Aliondoka mwaka jana kabla shule hazijafungwa, akachukua sanduku na redio, na kwa sasa ana nyumba nyingine na mwanamke mwingine. Sikuwaambia kwa sababu kila nikipiga simu baba hucheka na kusema nimsalimie mkwe wake, na mimi sikuwa na ubavu wa kukikata kile kicheko.

Kwa hiyo sina mwanaume, wala simtazamii yeyote. Kasuku alipojua alicheka mpaka shuka likamponyoka, akasema nimetia kufuli nyumba isiyo na mtu. Acha acheke. Tulipokuwa wadogo hukuwahi kututia dawa mdomoni kabla hujaionja wewe. Ulikuwa unakunja uso mbele yetu, tukajua ni chungu, halafu unabaki umesimama, tukajua haiui. Hicho kitanzi sikukiweka kwa ajili yangu. Nimekuonjea, mama. Ni kichungu kidogo, na mimi bado nimesimama.

Nimeomba ruhusa kazini, mwisho wa mwezi nakuja. Tutakwenda kliniki wawili. Ukikataa tukiwa mlangoni tutageuza, sitakuvuta, mwili ni wako. Baba ukitaka kumwambia mwambie, ukitaka kunyamaza nitanyamaza nawe. Lakini usiniache nisimame tena kwenye chumba kile ulichojifungulia nikihesabu vitambaa vilivyolowa damu.

Nisalimie baba, na taratibu umweleze habari za mkwe wake, kwani mimi nimeshindwa. Wadogo zangu wote wape salamu kila mmoja kwa jina lake, na kitinda mimba mbusu hata kama mdomo umejaa chaki. Jibu usinipigie simu, nitakuja kulisikia nikikutazama usoni.

Ni mimi mwanao, kifungua mimba wako, nisiye na mwingine wa kumwandikia.